Deni la Uingereza Palestina Halimo Katika Barua ya Balfour Peke Yake

Tarehe 21 Septemba 2025 Uingereza ilitangaza kuitambua Palestina kuwa dola, siku moja na Kanada na Australia. Miezi miwili kabla ya hapo aliyekuwa Waziri wake wa Mambo ya Nje, David Lammy, alikuwa ameuambia mkutano wa Umoja wa Mataifa jijini New York kwamba nchi yake inabeba mzigo wa pekee wa wajibu katika suala hili, na akaitaja barua ya tarehe 2 Novemba 1917 ambayo Arthur Balfour, Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, aliahidi kuunga mkono makao ya taifa la Kiyahudi huko Palestina. Tangu hapo mjadala haujatoka kwenye barua hiyo. Wanaoshangilia wanasema Uingereza imesahihisha kosa la mwaka 1917, na wanaolaumu wanasema imeivunja ahadi ya mwaka 1917. Wanapingana kwa kila kitu isipokuwa jambo moja wasilolihoji, kwamba mkasa wote ulizaliwa katika maneno 67 ya Kiingereza yaliyoandikwa kwa Lord Rothschild, kiongozi wa Wayahudi wa Uingereza.

Naamini pande zote mbili zinatazama pasipostahili. Barua ni ahadi tu, na ahadi peke yake haifungui shule, haichapishi fedha, haiandikishi hati za ardhi wala haibomoi nyumba ya mtu. Mambo hayo yalifanywa na serikali, yenye makarani, mahakama, polisi na kodi, iliyokaa Yerusalemu kwa miaka 30. Deni la Uingereza liko katika namna serikali hiyo ilivyotawala: iliwahesabu wenyeji wa nchi moja kuwa mataifa mawili, likatambuliwa moja kwa jina na jingine kwa kukanushwa, haikufanikiwa kujenga hata chombo kimoja cha uamuzi ambamo wote wawili wangeketi, na mwishowe iliondoka bila kumkabidhi mtu yeyote nchi. Anayeisoma hatua ya mwaka 2025 kama jibu la barua ya mwaka 1917 anairuka miaka hiyo 30, ambamo karibu kila kilichofuata kiliandaliwa.

Msomaji wa Tanzania ana sababu ya kuuelewa utawala wa aina hii kuliko wasomaji wengi, kwa kuwa nasi tuliishi ndani yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nchi zilizonyang'anywa Wajerumani na Waturuki hazikuitwa makoloni. Shirikisho la Mataifa lilizikabidhi kwa washindi zitawaliwe kwa niaba yake, na kifungu cha 22 cha mkataba wake kikaiita kazi hiyo amana takatifu ya ustaarabu. Nchi hizo ziliwekwa katika madaraja. Tanganyika, pamoja na Ruanda-Urundi waliyopewa Wabelgiji, iliwekwa daraja la pili, la watu walioonwa kuwa bado sana kujitawala. Palestina, Iraki, Syria na Lebanoni ziliwekwa daraja la kwanza, la watu ambao mkataba wenyewe ulisema uhuru wao unaweza kutambuliwa kwa muda huku wakipewa ushauri tu mpaka waweze kusimama peke yao, na kwamba matakwa yao yazingatiwe katika kumchagua msimamizi. Iraki ikawa dola mwaka 1932. Syria, Lebanoni na ng'ambo ya Yordani zilifuata katika miaka ya arobaini. Tanganyika ya daraja la chini ilipandisha bendera yake tarehe 9 Desemba 1961. Katika daraja lile la juu, wenyeji walio wengi wa Palestina ndio pekee ambao amana haikuwahi kurudishwa mikononi mwao, na hilo halielezeki kwa barua ya mtu mmoja. Linaelezeka kwa hati ya utawala.

Hati hiyo iliidhinishwa tarehe 24 Julai 1922, na ndani yake maneno ya Balfour yaliingizwa na kugeuzwa kuwa sheria. Kabla ya hapo serikali ya Uingereza ingeweza kuyasahau, kama ilivyosahau ahadi nyingi za wakati wa vita, zikiwemo zile alizopewa Sharifu Hussein wa Makka katika barua za mwaka 1915 na 1916. Baada ya hapo ikawa kazi yake rasmi kuiweka nchi katika hali itakayowezesha makao ya taifa la Kiyahudi, na kifungu cha 4 kiliagiza kuwepo kwa wakala wa Kiyahudi wa kushauriana na serikali juu ya uchumi na jamii. Waarabu walikuwa karibu tisa katika kila watu kumi. Hesabu ya watu ya mwaka 1922 ilionyesha wakazi wapatao 757,000, na kati yao Wayahudi walikuwa karibu 84,000. Hata hivyo, katika hati yote Waarabu hawakutajwa kwa jina kama umma wenye haki za kisiasa. Waliitwa jamii zisizo za Kiyahudi, na walichoahidiwa ni kulindiwa haki zao za kiraia na za kidini. Mtu anayeitwa kwa kile asicho hana mlango wa kuingilia katika sheria kudai kile alicho. Hili halikupita kwa bahati mbaya: Agosti 1919 Balfour mwenyewe aliandika katika waraka wa ndani kwamba hapakuwa na nia hata ya kupitia hatua za kuwauliza wakazi wa nchi wanataka nini.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka taifa lao liwe na nchi yake, wazo la kuwapa Wayahudi waliokuwa wakikimbia mauaji ya Urusi eneo katika Afrika Mashariki, kwenye uwanda wa Uasin Gishu ulioko Kenya ya leo. Mpango huo, ambao historia imeuita wa Uganda ingawa haukuwa Uganda, ulijadiliwa katika mkutano wa Wazayuni mjini Basel na kukataliwa na mkutano uliofuata mwaka 1905. Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo alikuwa Arthur Balfour. Wanandi na Wamaasai waliokuwa wakichunga katika nyanda hizo hawakuulizwa. Silitaji ili kusema kwamba shida ya Wayahudi wa Ulaya ilikuwa ya kubuni, kwa kuwa ilikuwa ya kweli na ya kutisha. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kuwa tatizo lilikuwa katika mazoea ya ofisi moja ya London, iliyoona ardhi yenye watu kama kitu kinachoweza kugawiwa kwa barua, awe mwenyeji ni Mwarabu au Mnandi.

Utawala huo unaweza kuushika mkononi. Wazee wetu wanaikumbuka senti kumi ya shaba yenye tundu katikati, iliyotolewa na bodi ya fedha ya Afrika Mashariki kutoka London, na ambayo watoto waliitunga kwenye uzi. Palestina nayo ilikuwa na sarafu zake zenye tundu, zilizoanza kutumika mwaka 1927 chini ya bodi iliyokuwa London vilevile. Ukiigeuza sarafu ya mili kumi utaona jina la nchi limeandikwa kwa lugha tatu. Kwa Kiingereza ni Palestine, na kwa Kiarabu ni Filastin. Kwa Kiebrania ni Palestina, ila baada yake, ndani ya mabano, zimewekwa herufi mbili ambazo ni kifupi cha Eretz Israel, yaani Nchi ya Israeli. Waarabu walizilalamikia herufi hizo kwa kuwa ziliwaambia nchi ni ya wengine, na Wazayuni wengi nao walinung'unika kwa kuwa jina kamili lilifichwa katika kifupi. Serikali iliona imepata suluhu kwa kumpa kila mmoja nusu ya alichotaka juu ya chuma kilekile. Sijaona maelezo ya utawala ule yaliyo wazi kuliko kipande hicho cha fedha: hapakuwa na jina moja ambalo raia wote wa nchi hiyo wangeweza kulisoma na kusema ni letu.

Vyombo vya nchi vilijengwa kwa mtindo huohuo. Wayahudi walijiendeshea shule zao, chama chao kikuu cha wafanyakazi, hospitali zao, baraza lao la kuchaguliwa, jeshi lao la siri, na kuanzia mwaka 1925 chuo kikuu chao mlimani Yerusalemu, na serikali ikaviacha vikue. Upande wa Waarabu haukuwa na chombo cha kitaifa kilichotambuliwa. Kamishna Mkuu wa kwanza, Herbert Samuel, aliwapa Waislamu baraza la kusimamia wakfu na mahakama za dini, na mwaka 1921 akamteua kijana Amin al-Husseini kuwa mufti wa Yerusalemu. Kwa hiyo mlango pekee wa mamlaka uliofunguliwa kwa Mwarabu ulikuwa wa dini, na siasa ikaingia kwa mlango huo kwa sababu hapakuwa na mwingine. Leo tukisikia kwamba ugomvi huu ni wa dini, inafaa tukumbuke nani alipanga nyumba ili sebule iwe msikitini.

Sasa tuzipime hoja zinazotolewa kuitetea Uingereza, na nianze na iliyo nzito. Inasema kwamba London ilijaribu kujenga chombo cha pamoja na wenyeji wakakataa. Ni kweli kwamba mwaka 1922 ilipendekezwa Baraza la Kutunga Sheria, uchaguzi ukaitishwa mwaka 1923, na Waarabu wakaususia. Lakini tuhesabu viti. Wajumbe wa kuchaguliwa walikuwa 12: Waislamu 8, Wakristo 2 na Wayahudi 2. Wakuu wa serikali walikuwa 10, na Kamishna Mkuu juu yao. Waarabu walio karibu asilimia 90 ya nchi wangekuwa 10 dhidi ya 13, katika baraza lisiloruhusiwa kuigusa hati ya utawala. Kuingia humo kungekuwa kutia saini yale waliyokuwa wakiyapinga. Mimi nafikiri walikosea, kwa kuwa jukwaa dhaifu lina faida kuliko kutokuwa na jukwaa, na hata Tanganyika, ambako baraza lilianza mwaka 1926 na Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, wakaingia mwaka 1945 kwa uteuzi tu, njia iliyotufikisha kwenye uhuru ilipitia pia katika ukumbi huo. Ila kosa lao halimalizi habari. Desemba 1935 Kamishna Mkuu Arthur Wauchope alipendekeza baraza jingine, la wajumbe 28, na safari hii viongozi kadhaa wa Kiarabu walionyesha kuwa tayari kulijadili. Wazayuni walilikataa, na mwanzoni mwa mwaka 1936 wabunge wa London waliushambulia mpango mpaka ukafa. Wiki chache baadaye, mwezi Aprili, Waarabu walianza mgomo wa nchi nzima uliodumu miezi sita.

Hoja ya pili ni ya mwamuzi aliyekwama: kwamba Uingereza ilisimama katikati ya wagomvi wawili ikipigwa na wote. Kwa askari mmoja mmoja huenda ndivyo ilivyokuwa. Kwa serikali haikuwa hivyo, kwa sababu mwamuzi hana upande ulioandikwa katika mkataba wake wa kazi, wala hapigi wachezaji. Juni 1936, wakati wa mgomo, jeshi liliamua kupasua njia ndani ya mji mkongwe wa Jaffa, mahali ambapo askari wake walikuwa wakishambuliwa vichochoroni. Ndege zilipita na kudondosha karatasi zilizowaambia wakazi wahame, kwamba serikali inataka kuufungua na kuuboresha mji wao. Kisha baruti ikatumika, nyumba zaidi ya 200 zikabomolewa, na maelfu ya watu wakabaki bila makazi. Jaji Mkuu wa nchi, Michael McDonnell, Mwingereza, aliilaumu serikali mahakamani kwa kukosa ujasiri wa kusema sababu yake halisi. Haukupita muda mrefu akawa hayupo tena katika kiti hicho. Uasi ulioendelea hadi mwaka 1939 uligharimu maisha ya Waarabu wanaokadiriwa kufika 5,000, na baadhi ya viongozi wao walipelekwa uhamishoni Ushelisheli. Kuanzia mwaka 1938 aliyeongoza serikali hiyo alikuwa Harold MacMichael, ambaye alifika Yerusalemu akitoka Dar es Salaam, alikokuwa gavana wa Tanganyika tangu 1934. Umma uliovunjwa uongozi na silaha zake katika miaka hiyo mitatu ndio uliotakiwa miaka tisa baadaye kuilinda nchi yake. Matokeo ya mwaka 1948 hayaeleweki bila kuyahesabu hayo.

Upande wa pili wapo wanaosema Uingereza ilikuwa wakala wa Uzayuni mwanzo hadi mwisho. Hoja hii inapendwa sana katika vijiwe vyetu, lakini haisimami mbele ya mwaka 1939. Mwezi Mei mwaka huo Waraka Mweupe wa London uliweka kikomo cha wahamiaji Wayahudi 75,000 kwa miaka mitano, ukaruhusu kuzuiwa kwa uuzaji wa ardhi kwa Wayahudi katika sehemu kubwa ya nchi, na kuahidi dola moja huru ndani ya miaka kumi. Ulitolewa wakati ambapo Wayahudi wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kunyang'anywa uraia na mali, na ulidumu wakati wakiuawa kwa mamilioni. Meli iitwayo Struma, iliyobeba wakimbizi wapatao 800 kutoka Romania, ilikaa Istanbul wiki kadhaa kwa sababu MacMichael na wakubwa wake hawakukubali waingie Palestina. Februari 1942 ilivutwa kurudishwa Bahari Nyeusi bila injini inayofanya kazi, ikapigwa na nyambizi ya Kisovieti, akapona mtu mmoja. Anayewapenda Wapalestina hana sababu ya kulipita jambo hili haraka, na mimi siwezi. Serikali iliyobomoa Jaffa ndiyo iliyoifungia mlango Struma, na katika matukio yote mawili haikuwa ikimtumikia Myahudi wala Mwarabu. Ilikuwa ikilinda njia ya Suez, bomba la mafuta lililoishia Haifa na utulivu wa himaya yake, na kila ilipobadili mizani ilibadili kwa sababu hizo.

Ni haki pia kukiri kwamba mengine hayakuwa katika uwezo wa London. Haikuwa Uingereza iliyomleta Hitler madarakani, na bila ya Hitler wahamiaji wasingefika zaidi ya 61,000 katika mwaka mmoja wa 1935, wala nchi kama Marekani isingelazimika kuulizwa kwa nini ilifunga milango yake. Wala haikuwa Uingereza iliyoua Wayahudi 67 wa Hebron mwezi Agosti 1929, watu ambao wengi wao ukoo wao ulikuwepo pale kabla ya Uzayuni kuwa na jina. Wakazi Waarabu waliowaficha majirani zao siku hiyo walionyesha kuwa mauaji yale hayakuwa amri ya damu.

Hapo ndipo inapoanguka hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na ambayo huisikia kila ninapozungumzia jambo hili, ibadani na kwenye basi: kwamba watu hawa wamekuwa wakipigana tangu enzi za Ibrahimu, na hakuna serikali ambayo ingeweza kufanya lolote. Kwa karne nne za Waturuki, Wayahudi, Waislamu na Wakristo wa Yerusalemu waliishi bila usawa, lakini hawakuishi vitani. Waliokuwa wakiuana mwaka 1936 hawakugombea kaburi la nabii. Waligombea idadi ya vyeti vya uhamiaji, mashamba ya bonde la Marj ibn Amir yaliyouzwa na matajiri wa Beirut huku wakulima wakiondolewa, na swali la nani atakuwa wengi siku serikali ikikabidhiwa. Haya ni maswali ya karne ya ishirini, na yana majibu ya kisiasa. Kuyaita ya kale ni kumfutia mtawala faili lake.

Mwisho wa utawala ule ulikuwa kama mwenendo wake. Baada ya hoteli ya King David, makao ya serikali, kulipuliwa na Irgun, kundi la Kiyahudi lenye silaha, tarehe 22 Julai 1946 na kuua watu 91, na huku watuhumiwa wa makundi ya aina hiyo wakizuiliwa mbali, mwishowe huko Gilgil, Kenya, London ilitupa suala zima kwa Umoja wa Mataifa. Tarehe 29 Novemba 1947 Baraza Kuu lilipitisha mgawanyo wa nchi kwa kura 33 dhidi ya 13, na Uingereza ikajizuia kupiga kura. Kisha ikakataa kusaidia utekelezaji, na kuikatalia tume ya Umoja wa Mataifa kuingia nchini hadi wiki mbili za mwisho, ingawa vita vilikuwa vimeanza. Kamishna Mkuu wa mwisho, Alan Cunningham, jenerali aliyekuwa ameongoza majeshi kutoka Kenya dhidi ya Waitalia mwaka 1941, alipanda meli Haifa tarehe 14 Mei 1948. Alipoondoka, mauaji ya wanakijiji Waarabu wa Deir Yassin yalikuwa yameshatokea, msafara wa hospitali ya Kiyahudi ya Hadassah ulikuwa umeshachomwa, na sehemu kubwa ya Waarabu wa Haifa na Jaffa ilikuwa imeshakimbia, wote hao bado chini ya mamlaka ya kisheria ya Uingereza. Kufikia mwisho wa vita wakimbizi wa Kipalestina walipita 700,000.

Kwa hiyo utambuzi wa mwaka 2025 ni wa thamani, lakini kwa sababu tofauti na zinazotajwa. Hauifuti barua ya Balfour, wala haupaswi kuchukuliwa kama adhabu kwa Wayahudi, ambao nao utawala ule uliwatendea kama hesabu ya kurekebisha. Thamani yake ni kwamba, kwa mara ya kwanza, Uingereza imewaita kwa jina la kisiasa watu ambao hati yake ya mwaka 1922 iliwaita wasio wengine. Tanzania ilifanya hivyo mwaka 1988. Lakini kama wajibu ni wa utawala wa miaka 30 na si wa barua, basi malipo yake nayo ni ya kiutawala, na hayamaliziki kwa tangazo la siku moja.

Mfano upo na unafanya kazi hadi leo. Mwaka 1945 serikali ya Yerusalemu ilitoa Kanuni za Ulinzi za Dharura, zilizoiruhusu serikali na jeshi lake kumfunga mtu bila kumshtaki, kumhamisha nchini, na kwa kanuni ya 119 kubomoa nyumba ya mtuhumiwa. Zilielekezwa zaidi kwa makundi ya Kiyahudi, na mwaka 1946 mawakili wa Kiyahudi walizishutumu kwa maneno makali. Siku mbili kabla ya kuondoka, tarehe 12 Mei 1948, London ilitia saini amri ya kuzifuta, lakini amri hiyo haikuchapishwa katika gazeti la serikali la Palestina, na Israeli imeshikilia kwamba ufutaji usiochapishwa haukutokea. Kwa kanuni hiyo ya 119 nyumba zimeendelea kubomolewa katika Ukingo wa Magharibi, miaka mingi baada ya ndege kudondosha karatasi zile juu ya Jaffa. Hii ni sheria ya Uingereza, iliyoandikwa na Waingereza, na wenyewe walikwisha kutia saini kwamba imekufa. Kulisema hilo katika kila mahakama na kila kikao ambako kanuni hizo zinatajwa hakuhitaji ridhaa ya Washington wala mazungumzo ya amani, na familia inayosubiri tingatinga mlangoni ingekuwa na hati ya kumwonyesha hakimu.